Kibao cha Kujaribia Vitufe

Dada yangu wa pekee,

Kwanza shikamoo. Pili, usiruke mistari. Najua unavyosoma barua: jicho linakimbilia chini kutafuta aliyekufa, likimkosa ndipo unarudi juu kusoma kwa raha zako. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo vuta kiti, pumzisha mguu kwenye kigoda, usome kwa mpango.

U hali gani? Goti linaendeleaje, bado linakutangazia mvua kabla shemeji hajaisikia redioni? Na macho? Ulisema uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi umeanza kukuhangaisha jioni. Nunua taa, Dada, usimsubiri shemeji akununulie. Shemeji mwenyewe nampa salamu zake, nadhani yuko hapo karibu anajifanya hasikilizi. Na mwanangu mkubwa, fundi umeme wetu mtarajiwa, nimeambiwa alimtengenezea jirani taa ya varanda, na nyumba nzima ya jirani ikalala giza. Mwambie mama yake mdogo anamwombea. Jirani pia anamwombea.

Mimi natembea, nakula, nalala. Barua hii nimeichapa badala ya kuiandika kwa mkono kama ulivyozoea, na sababu utaikuta huko mbele. Ukiuliza kwa nini sikupiga simu, jibu unalo mwenyewe. Kwenye simu wewe hujibu swali kabla halijaulizwa. Nikianza "nilikwenda," unaniambia nisingekwenda. Jambo hili nataka lifike mwisho wake bila kukatizwa, na karatasi ina subira kukushinda.

Unajua kazi yangu, ila sidhani nimewahi kukueleza inavyokuwa. Kampuni inanitumia sauti zilizorekodiwa: mikutano ya vyama vya ushirika, vikao vya nidhamu, semina, mahojiano ya watafiti. Navaa hedifoni, nasikiliza, nachapa kila neno lililosemwa. Nafanyia kazi chumbani kwangu. Meza iko dirishani, dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, na kwenye ukuta wetu kuna bomba linaloteremsha maji kila mtu wa ghorofa ya juu anapooga. Hayo ndiyo mandhari yangu. Mtu huyo anapenda kuoga adhuhuri, na huoga kwa uchoyo, maji kidogo kidogo. Sura yake siijui.

Wale wa kwenye hedifoni ndio ninaowajua. Kuna mwenyekiti mmoja hukohoa kila anapotaka kusema uongo. Kuna mweka hazina anayecheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza, na mimi humsubiri kwa hamu. Siku moja msemaji alifungua mkutano kwa kuuliza, "Hamjambo wote?" nami nikamjibu, "Hatujambo," kwa sauti, tena kwa adabu, peke yangu chumbani. Nikacheka sana. Halafu nikawaza kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwangu tangu juzi yake, na kicheko kikanikauka. Wewe uliyenibandika jina la Chiriku kwa sababu sikunyamaza hata usingizini, fikiria hilo.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Miezi kadhaa nyuma makosa yalianza kuingia kwenye kazi zangu. Herufi zinaruka, nyingine zinajirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Msimamizi wangu ni mama mwenye sauti ya upole ambaye sijawahi kukutana naye ana kwa ana, tunajuana kwa simu na ujumbe. Mwanzoni alinitania. Kulikuwa na muhtasari wa chama cha wafuga kuku, pale mwisho panapoandikwa kwamba mkutano ulifungwa saa kumi, herufi moja ikanitoroka, ikasomeka mkutano ulifugwa. Katibu wao akapiga simu kuuliza mkutano huo ulifugwa banda gani na ulikuwa unakula nini. Tulicheka wote watatu.

Kosa lililofuata halikuwa la kuchekwa. Kilikuwa kikao cha nidhamu cha ghala moja. Shahidi alisema hakumwona mwenzake akitoka na mzigo. Kwenye karatasi yangu herufi mbili za mwanzo hazikuwepo, likabaki "kumwona," na waliosoma kwa haraka wakaelewa kwamba alimwona. Yule mwenzake alikuwa karibu kufukuzwa kazi kabla mtu mmoja mwenye akili hajasema warudie kusikiliza sauti yenyewe. Safari hii msimamizi hakunitania. Alisema kwa upole uleule, na huo ndio ulioniumiza zaidi, kwamba ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Makosa yakiendelea, kazi zangu watapewa wengine. Kisha akaniuliza kama kibodi yangu ni ya zamani, kwamba labda imechoka, niende nikatafute nzuri.

Dada, nililidaka neno hilo kama mtuhumiwa aliyeambiwa mwizi amepatikana kwingine. Kibodi! Bila shaka ni kibodi. Niliitazama pale mezani, herufi zake nusu zimefutika, nikaichukia papo hapo. Miaka yote imenilisha, na mimi nikaipa lawama zote bila hata kuisikiliza. Kazi hii ndiyo chumba changu, ndiyo chakula changu, na ndiyo sauti za watu masikioni mwangu. Nikiikosa sijui nitabaki na nini mjini hapa. Nikatoka kesho yake asubuhi kutafuta mbadala.

Nilielekezwa kwa kijana mmoja anayeuza na kutengeneza kibodi tu. Hana kitu kingine. Duka lake ni ujia kati ya maduka mawili uliowekewa mlango, akiingia wa pili lazima wa kwanza apishe. Wanamwita Fundi na mimi nikamwita hivyo. Ni mrefu, mwembamba, ndevu zake chache zinatafutana kidevuni, na maneno anayo, nusura anishinde. Kibodi zake si kama ile yangu ya kubonyeza juu ya mpira. Hizo kila kitufe kina swichi yake chini, na swichi zenyewe ni za namna nyingi. Zipo laini, kidole kinashuka mpaka chini bila kupingwa. Zipo zenye kinundu, katikati ya safari kidole kinakutana na kipandio kidogo, kinakipita, na hapo unajua herufi imeingia. Na zipo zenye mlio, hizo kila herufi inajitangaza.

Sasa Fundi ana utaratibu wake. Mteja wa siku ya kwanza hamuuzii kibodi hata akilia. Anakupa kibao kidogo cha plastiki kilichopangwa swichi, kila moja ya aina yake, hakikuunganishwa na kitu chochote, hakiandiki hata nukta. Unakwenda nacho nyumbani, unakibonyeza, unaishi nacho, kisha unarudi na jibu. Anasema kibodi ni kama kiatu: dukani kila kiatu kinakutosha, kinakuja kukukana njiani. Tena anataka ujaribu umefumba macho, maana ukifumbua utachagua rangi.

Siku hiyo ujia ulijaa watu. Nilifumba macho, nikabonyeza harakaharaka, nikasema zote nzuri. Fundi akacheka akasema anayesema zote nzuri hajajaribu hata moja. Akaniuliza mikono yangu inapenda nini. Swali si gumu. Ila sikukumbuka ni lini mtu aliniuliza napenda nini, achilia mbali mikono yangu. Machozi yakanijia mbele ya watu, kwa ajili ya vitufe. Nikasingizia vumbi, nikachukua kibao, nikaondoka.

Nyumbani nilikiweka mezani kando ya kikombe, tukaanza kuishi pamoja kama alivyoagiza. Ile ya mlio niliijua mara moja, ni shangazi mtupu: hawezi kufunga hata dirisha bila mtaa mzima kupata habari. Ile laini ni shemeji, kila kitu ndiyo, ndiyo, na hujui kama amekusikia. Hapo usimsomee. Na ile ya kinundu, kwa jinsi Fundi alivyoieleza, ni wewe. Alisema inakukatalia kidogo kabla ya kukukubalia. Nilicheka nikasema huyo namjua, amenilea.

Nakuambia kweli, kibao kile kilinipa raha ambayo naona haya kuieleza. Jumapili mchana jengo letu hunyamaza kabisa, hata yule wa juu haogi. Nilikaa na chai yangu nikawa nambonyeza shangazi, tk, tk, tk, ili chumbani asikike mtu wa pili. Nilifanya hivyo mpaka chai ikapoa. Mtu angenichungulia angesema mama huyu amerukwa na akili, na mimi ningemkaribisha ndani aendelee kusema.

Shida ilikuwa kwenye zile za kinundu. Kwenye kibao zilikuwa kadhaa, nyingine kinundu chake kikali, nyingine cha upole. Nilibonyeza moja baada ya nyingine nimefumba macho kama nilivyoelekezwa. Hakuna kinundu. Zote zilishuka laini kama ile ya shemeji. Nikabonyeza kwa nguvu, nikabonyeza polepole, hakuna. Nikakata shauri kwamba Fundi amenipa mali iliyokwisha, swichi zilizobonyezwa na mji mzima mpaka vinundu vikalika. Na muda niliopewa na msimamizi ulikuwa unayoyoma.

Nilirudi dukani nimevimba. Unajua nikivimba. Nilimwambia Fundi mbele ya wateja kwamba mtu mwenye utaratibu mzuri kama wake aanze kwa kuwa na vifaa vizima, kwamba wengine tuna kazi za kupoteza, kwamba kinundu anachokisifu kipo mdomoni mwake tu. Nilisema mengi. Chiriku alirudi siku hiyo, tena na wenzake.

Fundi alikipokea kibao, akafumba macho, akabonyeza taratibu swichi moja baada ya nyingine. Akampa mama mmoja mwenye mkoba aliyekuja kuchukua kibodi ya mwanawe. Yule mama akabonyeza, akashangaa, akasema mbona kinundu hiki hapa, tena kinauma. Nikafikiri wamepanga. Fundi akaniomba nifumbe macho, ananiwekea kidole juu ya swichi na mimi niseme ni ipi. Nikasema laini. Akahamisha. Nikasema laini. Akahamisha tena, nikasema laini.

"Dada, swichi ni nzima," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya kwangu peke yangu. "Hebu jaribu mkono wa kushoto."

Kinundu kilikuwepo. Kidogo, safi, kama lile fundo la uzi ulilonifundisha kulitafuta kwa ncha ya kidole kwenye pindo la sketi. Nikarudisha mkono wa kulia, hakuna. Kushoto, kipo. Kulia, hakuna. Niliendelea hivyo kwa muda, na hakuna aliyenizuia. Yule mama mwenye mkoba alitazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

Nilimwomba Fundi radhi kwa maneno yangu. Alisema hayakumfika, ameshatukanwa na wataalamu. Nikamwomba aniuzie ile ya mlio basi, kwamba kama kidole hakisikii sikio litakisikilizia. Akakataa. Alisema kibao nibaki nacho, niende kwanza kwa daktari, mkono ukirudi ndipo uje uchague wenyewe, asingependa wa kushoto umchagulie mwenzake. Kijana yule anamuuzia mtu kwa shida sana, sijui anaishije.

Njiani nikawa nayakusanya mambo niliyokuwa nimeyaacha yametawanyika. Vikombe vilivyoniponyoka. Vifungo vya blauzi ninavyovihangaikia asubuhi mpaka nikaanza kuvaa za kutumbukiza kichwa. Kuamka na mkono umejaa sisimizi, nikaukung'uta, nikalaumu mto. Kalamu inayoteleza, ndiyo maana barua ya mwisho niliyokuletea uliitania ukasema kuku amepita juu yake, na ndiyo maana hii nimeichapa. Yote nilikuwa nayaona, na kila moja nilikuwa nimelitafutia sababu yake mbali na mwenzake. Wewe ulipenda kutuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikumficha mtu, maana hapakuwa na wa kumficha. Nilikuwa nimejificha mwenyewe.

Daktari alinigongagonga kifundo cha mkono, akanichoma vidole kwa pini huku nimefumba macho, akaniuliza nasikia wapi. Nilianza kuuchoka mchezo huo wa kufumba macho. Alisema mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo umebanwa, kwa sababu ya miaka ya kuchapa na labda kwa maumbile. Nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kupungua, akanionyesha, na kweli mkono wangu wa kulia umebonyea pale ambapo wa kushoto umejaa. Unahitaji upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa nafasi. Ukifanywa mapema hisia zinaweza kurudi. Ukicheleweshwa, kilichokwenda kimekwenda. Sikubisha. Nilisema nifanyiwe hata kesho.

Msimamizi nilimweleza yote. Alinipa pole ya kweli, akasema nikimletea karatasi ya daktari nafasi yangu atanishikia mpaka mkono upone, ila hawezi kunishikia milele. Kwa hiyo kazi sasa imening'inia kwenye mkono, na mkono umening'inia kwenye upasuaji. Na upasuaji, Dada, ndio huu umenikalisha hapa kukuandikia.

Nesi wa kupanga siku ni mtu mzima, mchangamfu, anaita kila mtu mpenzi. Alinieleza kwamba nitaingia asubuhi na kutoka siku hiyohiyo, mkono umefungwa bandeji, hautanyanyua hata sufuria kwa majuma kadhaa. Kisha akaniuliza, kalamu iko tayari, nani atakuja nami. Hawamlazi mtu mezani kama hakuna wa kumpeleka nyumbani na kukaa naye siku za mwanzo. Ndivyo walivyojiwekea.

Nikasema ngoja nitazame simu. Nilitoa simu nikaanza kupandisha majina. Msimamizi. Mlinzi wa jengo. Muuza gesi. Fundi. Kampuni ya mtandao. Mtu aliyeandikwa "usipokee." Nikafika mwisho, nikaanza tena juu kama mtu aliyeruka jina kwa haraka. Nesi akaniambia, mpenzi, mtu yeyote tu, hata jirani. Nikamwambia nitarudi kesho na jina, nikatoka na simu bado imewaka mkononi.

Sasa nikwambie niliyoshindwa kukwambia kwa simu. Dada, sina mtu hapa. Kila tukiongea unasema wewe huna wasiwasi na mimi, kwamba Chiriku hakosi watu, pengine nimejaza chumba. Sikuwahi kukwambia nina watu, ila nilikuacha uamini hivyo, kwa sababu ilinifurahisha kuwa na watu, hata kama ni kichwani mwako tu. Wenzangu wa kazini ni sauti. Yule mpangaji wa chumba cha pili tuliyekuwa tukibadilishana chumvi na umbea alihama, na aliyeingia mahali pake anapita kwenye ngazi akitazama simu. Miaka imepita hivyo, siku moja ikiificha nyingine. Mimi niliyekuwa nikifukuzwa jikoni kwa maneno mengi, kuna juma naweza kulimaliza bila mtu kuniita kwa jina lolote.

Siku ile baada ya kutoka kwa nesi nilipanda ngazi mpaka kwenye mlango wa yule anayeoga adhuhuri. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuanzia, ya maji na bomba, kisha nielekee polepole kwenye mkono. Nilisikia redio ndani, na mtu akikohoa. Nikainua mkono kubisha. Nikawaza, nitamwambiaje mtu nisiyemjua kwamba naomba aje kunivua nguo zenye damu na kunifungia vifungo? Nikashuka.

Wewe ulikuwa wa kwanza kuja akilini mwangu, usifikiri nilikusahau. Tatizo ni kwamba nakumbuka ulichosema. Tulikuwa tunakunja mikeka baada ya msiba wa mama, wewe umemuuguza peke yako kwa muda wote ule huku mimi nikija na kuondoka kama mgeni, ukasema korido ya hospitali umeimaliza, kwamba sasa wakitaka kukuona humo wakulete wewe mgonjwa. Hukunilenga mimi, ulichoka tu. Lakini nililibeba. Na najua pia kwamba huu ni wakati wa sare za shule, cherehani haipoi, na wateja wako hawana dogo. Nikakuona ukifunga mlango wa kibanda, ukiwaambia wazazi waliolipa nusu kwamba unakwenda kumfunga mdogo wako vifungo. Nikasema hapana, huyu yamemtosha. Kesho yake sikurudi kwa nesi, nikakaa na kibao mezani nikabonyeza kwa mkono wa kulia, kila siku, nikisikiliza kama kinundu kitarudi chenyewe bila kumsumbua mtu.

Hakikurudi. Na juzi nilipokuwa najimenyea kitunguu, kisu nilichokishika kwa mkono wa kushoto kilinikata kidole cha shahada cha kulia, nikaja kugundua kwa kuona damu ubaoni. Sikusikia kitu, Dada. Nilisimama pale natazama damu yangu kama ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza niliogopa sana. Sikuogopea kazi. Niliogopa kwamba ninaweza kupotea kidogo kidogo humu chumbani, kipande kwa kipande, na asiwepo wa kusema mbona hiki hakipo.

Jana nilirudi kwa nesi. Akaniuliza, haya mpenzi, nani anakuja? Nikasema dada yangu. Akaandika. Akaniuliza anakaa karibu? Nikasema mbali. Akaweka kalamu chini akanitazama vizuri.

"Una hakika atakuja?"

"Yule?" nikamwambia. "Humjui."

Akanipa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Nilimshukuru, nikatoka kwa madaha kama mtu mwenye jamaa saba wanaomsubiri getini, nikafika kwenye benchi la korido, nikakaa. Maana nilikuwa sijakuuliza.

Nisalimie shemeji, mwambie naomba aniazime mke kwa majuma machache na nitamrudisha akiwa mzima. Mwanangu mkubwa mwambie asiguse nyaya za nyumbani mpaka wewe urudi. Wateja wenye haraka waambie ukweli, kwamba una mgonjwa. Sijui kama wewe umewahi kulitamka neno hilo kwa ajili yangu. Mimi ndio kwanza nalitamka.

Najua utakataa kidogo kwanza. Kataa, Dada, piga kelele, zunguka kibanda, useme wote tumekuzidi. Halafu njoo. Tayari nimeshawaambia kwamba unakuja.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,

Chiriku